Uzi Uliolegea

Katika historia ya Shule ya Wavulana ya Got Winam, iliyo juu ya kilima kati ya Maseno na ziwa, dari ya maabara imewahi kukaliwa na popo, panya, nyuki wa msimu mmoja, na Dishon Opiyo wa kidato cha tatu. Popo, panya na nyuki walikuwa na sababu zao. Dishon naye alikuwa na yake, na kwa maoni yake ilizipita zote kwa uzito: alikuwa amechekwa.

Kuchekwa, kwa mtu wa cheo chake, halikuwa jambo dogo. Dishon ndiye aliyemfunga mbuzi wa mpishi kwenye kamba ya kengele, shule nzima ikatoka madarasani na sahani mkononi kabla hata ya mapumziko ya asubuhi. Ndiye aliyeongoza ibada ya mazishi ya sufuria ya uji iliyokutwa na funza, kwa wimbo, kwa machozi na kwa hotuba ya familia ya marehemu. Baada ya mazishi hayo mama yake, Mama Adero, alivuka kwa feri kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, akapanda magari mawili, akasimama mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu na kapu lake la omena kichwani bila kulitua.

"Mwalimu," alisema, "akirudia, usiniite tena. Mpe tu sanduku lake aje. Nyavu ziko, na zinataka mtu wa kuvuta."

Mwalimu Mkuu, Mzee Wabwire, alimpa Dishon onyo la mwisho. Dishon alilipokea kwa kichwa kilichoinamishwa na uso wa huzuni kubwa, kama mtu anayepokea salamu za rambirambi, na kweli alikusudia kulitii. Kisha akaja Madam Nakhungu.

Madam Perez Nakhungu alikuwa mwalimu mpya wa fizikia. Alifika mwaka huo wa 1989 akitoka kusoma India, na katika mikebe aliyorudi nayo mmoja ulikuwa na pamba, na ndani ya pamba kulikuwa na kijiwe cheusi, bapa, cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Wenzake wa chuo walikuwa wamekioka wenyewe katika tanuri. Alikishika kwa koleo ndogo kama mtu anayeshika yai la mwisho nyumbani.

"Hiki," aliwaambia kidato cha tatu, "kikipozwa vya kutosha kwa naitrojeni kinapitisha umeme bila kupoteza hata kidogo. Na sumaku ukiiweka juu yake, haikai. Inaelea hewani."

Darasa likatazama kijiwe. Kijiwe hakikufanya lolote.

"Siri iko kwa elektroni," aliendelea. "Kila elektroni ni kama ina kisumaku chake ndani. Tunakiita spini. Kinaelekea juu au kinaelekea chini, hakuna njia ya katikati. Ndani ya vijiwe vya ukoo huu zinapenda kupishana. Moja juu, jirani yake chini, inayofuata juu, inayofuata chini, mpaka mwisho."

Dishon akainua mkono kwa adabu ya shemasi. "Madam, na nani huzipanga? Kuna kiranja wa bweni?"

Darasa likacheka. Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza.

"Swali zuri, Dishon," alisema Madam. "Kitanda chenu mnalala wangapi?"

"Wawili, Madam. Shule imejaa."

"Na mwenzako analaza kichwa wapi?"

"Kwa miguu yangu, Madam. Tunalala mzungu wa nne."

"Na kitanda kilichosukumwa karibu na chenu?"

Dishon akafikiri. "Wao pia. Wa upande wangu amegeuka, ili tusipumuliane usoni."

"Nani aliwapanga?"

"Hakuna, Madam. Tukilala vichwa pamoja tunapigana viwiko usiku kucha."

"Basi na elektroni ni hivyo. Ukipishana na jirani yako, unapata raha. Lakini bweni likijaa kabisa, hakuna anayeweza kusogea. Sasa toa watu wachache. Nafasi zikipatikana, waliobaki wanaanza kuhama. Na kwenye baridi kali wanahama wawili wawili, mmoja juu mmoja chini, wameshikana, bila kujigonga popote. Hapo umeme unapita bure." Akafunga mkebe wake. "Absalom, wewe ndiye unayelala na Dishon. Unapata raha?"

Absalom, rafiki wa Dishon tangu kidato cha kwanza, alisimama, na bila kufikiria urafiki akasema, "Madam, miguu ya huyu jamaa ikiletwa hapa, hutahitaji kitu kingine cha kugandisha hicho kijiwe."

Darasa zima lilianguka. Waliocheka walipiga madawati, waliochoka kucheka waliegemeana, na Madam Nakhungu mwenyewe, mwalimu wa serikali, alilazimika kuugeukia ubao mabega yakitikisika. Kwa wiki nzima Dishon hakuweza kuvua viatu bila mtu kupaza sauti, "Fungeni madirisha, naitrojeni imefika!"

Yeye alikuwa mchezaji. Hakuwahi kuchezewa. Jambo hilo lilihitaji kurekebishwa.

Nafasi ilijitokeza yenyewe. Alhamisi ya mwisho kabla ya likizo ya Agosti, Mkaguzi wa shule, Bwana Walubengo, alikuwa anakuja kumwona Madam Nakhungu akifundisha. Madam alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na kila mtu shuleni, hadi mpishi, alijua kwamba Mkaguzi akiridhika anabaki, asiporidhika anarudishwa Nairobi na fizikia inaondoka naye. Dishon alilijua hilo pia. Aliliweka pembeni ya akili yake, mahali anapoweka mambo ya watu wazima. Yeye alitaka mzaha mdogo tu, wa sekunde chache, ambao haungemuua mtu.

Mpango ulikuwa hivi. Juu ya meza ya maabara, kwenye dari, palikuwa na tundu ambapo zamani taa ilining'inia. Dishon angepanda kupitia stoo, alale kifudifudi juu ya boriti, ateremshe uzi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba ambao hata samaki ngege mwenye akili timamu hauoni majini. Kwenye ncha ya uzi alifunga shina la ndoano aliyoivunja, kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele. Sumaku ingekinasa yenyewe. Madam aseme sumaku itaelea, na itaelea kweli: itapaa polepole hadi usawa wa pua ya Mkaguzi, itacheza densi kidogo, kisha itapotelea darini mbele ya macho ya serikali.

Kwamba sumaku ingeweza kuelea bila yeye ni jambo ambalo halikumpitia akilini hata kwa bahati mbaya. Dishon alijua jinsi vitu vinavyoelea. Vinaelea kwa sababu kuna mtu anavuta.

"Nikikohoa, unavuta," alisema Absalom, ambaye bado alikuwa na deni la heshima la kulipa kwa ule utani wa miguu. "Lakini omera, onyo lako la mwisho?"

"Nani atajua? Wewe utawaambia?"

"Mimi? Mimi nitakuwa nakohoa."

Alhamisi ikafika, na saa nne asubuhi Laban naye akafika. Laban alikuwa mtu wa A.I., yule afisa wa mifugo anayezunguka vijijini kwa pikipiki akiwapandisha ng'ombe mbegu za mafahali wa kizungu ambao hawatawaona maishani. Nyuma ya pikipiki alifunga chupa nene ya chuma, yenye shingo nyembamba, na ndani yake mbegu zililala kwenye naitrojeni iliyogeuzwa maji, baridi isiyo ya dunia hii. Siku hiyo alikuwa safarini kwenda bomani kwa Mzee Wabwire, mwendo wa saa nzima, ambako ng'ombe mmoja aitwaye Malkia alikuwa ameanza kulia tangu alfajiri akitaka fahali. Mzee alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu. Ndama wa Malkia wa kwanza alikufa, na mara mbili baadaye Laban alichelewa. Lakini Laban alikuwa amemwahidi Madam vikombe viwili vya naitrojeni, naye ni mtu wa ahadi, basi akapitia shuleni kwanza.

Kutoka darini Dishon aliona vichwa tu. Kichwa cha Mkaguzi kilikuwa na upara unaong'aa, wa kuheshimika. Cha Mzee Wabwire kilikuwa chini ya kofia. Cha Madam kilikuwa na kilemba cha kijani. Wanafunzi walijazana madirishani, na Absalom alijisogeza mbele akigusa koo lake kama mwimbaji wa kwaya.

Madam aliweka kijiwe kwenye kifuniko cha mkebe, akaweka sumaku juu yake, ndogo kama punje ya hindi. Ikakaa. Laban akainamisha chupa. Naitrojeni ilimwagika ikichemka na kulia kama mafuta ya mandazi, na moshi mweupe, mzito, ukafunika meza na kumwagika sakafuni. Wanafunzi wa dirishani wakarudi nyuma hatua moja. Mkaguzi pia.

Dishon hakungoja nafasi bora kuliko hiyo. Aliteremsha uzi ndani ya moshi. Akausikia kidoleni ukigota kidogo: sumaku ilikuwa imenasa chuma. Akaukaza kidogo tu, ukawa wima, tayari. Akatabasamu gizani kwa utulivu wa mtu mwenye haki.

"Sogea karibu, Bwana Mkaguzi," alisema Madam. "Tazama kwa upande, siyo kwa juu."

Upara ukainama. Absalom akakohoa.

Dishon alishika pumzi ili avute. Na hapo uzi ukalegea.

Kwanza alidhani umekatika. Akautazama mkononi: ulikuwepo. Akachungulia tunduni kwa mshazari. Moshi ulikuwa umepungua, na pale chini, juu ya kijiwe cheusi, sumaku ilikuwa hewani. Haikuwa imegusa kijiwe. Haikuwa imening'inia kwenye uzi. Uzi wenyewe ulikuwa umepinda juu yake, mlegevu, hauna kazi, kama kamba ya ndama aliyetoroka. Kati ya sumaku na kijiwe palikuwa na nafasi ya unene wa harage, na ndani ya nafasi hiyo hamkuwa na kitu.

Absalom akakohoa tena. Dishon hakumsikia. Mwili wake wote ulisisimka, kuanzia kwenye ile miguu maarufu hadi kwenye utosi. Chumba kile kilikuwa na zaidi ya watu hamsini, na wote wangeweza kwenda nyumbani wakijiambia kwamba kulikuwa na hila mahali fulani. Yeye peke yake hakuweza. Hila ilikuwa mkononi mwake, na haikuwa inafanya chochote.

"Yesu wangu," alisema Mkaguzi polepole. Mzee Wabwire alivua kofia. Absalom aliendelea kukohoa hadi kiranja mmoja akamwambia aende hospitali.

Mkaguzi alinyoosha kidole, akaigusa sumaku. Ikazunguka hewani bila kuanguka. Akacheka kicheko kidogo cha mtoto, kisha kicheko kikakatika. Jua la dirishani lilikuwa limegonga kitu fulani juu ya sumaku, kitu kinachometa, chembamba.

"Na hiki ni nini?"

Akakipitisha kati ya vidole viwili. Akavuta. Dishon aliachia upande wake kwa hofu, lakini uzi ulikuwa umemzunguka kifundo cha mkono, na Mkaguzi aliposimama wima sumaku ilikuwa inaning'inia mbele ya uso wake kama samaki mdogo wa aibu.

Absalom alipona kikohozi palepale.

"Mwalimu Nakhungu," alisema Mkaguzi, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba wa dirishani walisogea ili wasikie. "Serikali imekupeleka India kusomea kiini macho?"

Madam aliutazama uzi. Dishon alikuwa amewahi kuona watu wakishtuka, tena mara nyingi alikuwa ndiye aliyewashtua, na kwa kawaida ilimpendeza. Hii haikufanana na zile.

"Huo uzi si wangu," alisema Madam.

"Ni wa nani? Umeanguka kutoka mbinguni?"

Watu wote wakaangalia juu. Dishon alirudisha kichwa nyuma, popo mmoja akamlalamikia.

"Bwana Mkaguzi, naomba nirudie," alisema Madam. Akaichukua sumaku, akakitoa kile kipande cha chuma, akairudisha juu ya kijiwe. Lakini naitrojeni ilikuwa imekauka yote na kijiwe kimeshapata joto. Sumaku ilikaa pale kama kokoto.

"Bila uzi haielei," alisema Mkaguzi. "Nimeona. Nitaandika nilichoona."

"Bwana Mkaguzi, chai iko tayari ofisini," alisema Mzee Wabwire kwa unyonge.

"Sitaki chai, Mzee. Nina shule nyingine Kisumu mchana. Dereva ananingoja."

Dishon alilala juu ya boriti, ncha yake ya uzi ikiwa bado kifundoni. Stoo ilikuwa wazi nyuma yake. Angeweza kuteremka taratibu, ajipanguse, azunguke jengo, na atokee dirishani akiuliza kwa mshangao kumetokea nini. Isipokuwa Absalom, hakuna mtu hata mmoja aliyejua yuko pale. Na kama angejitokeza, sanduku lilikuwa chini ya kitanda, feri ilikuwa Luanda Kotieno, na nyavu zilikuwa ng'ambo. Mama yake hakuwa mtu wa kutania.

Chini, Madam Nakhungu alikuwa ameanza kuokota pamba yake. Hakulia. Aliikunja kwa uangalifu, akakilaza kijiwe katikati, akaifunika. Alifanya hivyo kama mtu anayejua kuwa hataifungua tena shuleni hapo.

"Sikuvuta!" ikasema dari.

"Yawa!" Laban aliruka, akaikumbatia chupa yake. "Kuna mtu!"

"Mkaguzi, sikuvuta! Uzi ulilegea! Ilipanda yenyewe!"

Dishon alijaribu kuinuka ili aeleze vizuri zaidi, na ubao wa dari, ambao haukuwa umejengwa kwa ajili ya ushahidi, ukampa njia. Mguu wake mmoja ukatokea juu ya vichwa vya wageni, umevaa soksi iliyotoboka kisigino, ukicheza hewani ukitafuta mahali pa kukanyaga. Vumbi na mavi ya popo yakashuka juu ya upara wa serikali.

"Huo mguu naujua," alisema Mzee Wabwire. "Opiyo. Shuka."

Alishuka kwa njia ya stoo, mweupe kwa vumbi. Akasimama mbele ya meza akasema yote: tundu, ndoano, kikohozi, pua ya Mkaguzi, densi. Alisema haraka bila kupamba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu abatizwe. Hakumtaja Absalom kwa jina, ingawa Absalom alikuwa amejaa jasho kama anayetajwa.

"Nilikuwa nataka kuvuta," alimaliza. "Lakini kabla sijavuta, ikapanda. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika uzi. Mimi ndiye najua. Haikuwa na uzito wowote."

Mkaguzi alijipangusa kichwa kwa leso. "Mzee Wabwire, huyu kijana ni mkweli?"

Mzee alimtazama Dishon, akatazama leso, akatazama tundu jipya la dari. Alikuwa Mkristo, na aliulizwa swali. "Hapana, bwana," alisema. "Tangu aingie shule hii, huyu hajawahi kuniambia jambo moja la kweli."

Dishon alikuwa amejiandaa kwa adhabu, kwa sanduku, hata kwa mama yake. Hakuwa amejiandaa kusema kweli na isifae kitu.

"Basi," alisema Mkaguzi, "labda amefunzwa kumtetea mwalimu wake."

"Madam, mwambie!"

"Nimwambie nini, Dishon?" Madam hakupandisha sauti. "Mimi ndiye ninayeshtakiwa."

"Basi tufanye tena! Nishikeni mikono. Nifungeni. Mkaguzi aweke sumaku yeye mwenyewe." Akamgeukia Laban. "Bwana Laban, iko nyingine?"

Macho yote yakahamia kwenye chupa. Laban aliikaza kifuani.

"Hapana, hapana. Hii iliyobaki ni ya mbegu ya fahali. Mbegu imebaki moja, ya Mzee, na barabara ya kwake ni saa nzima. Nikimwaga hapa, inakufia njiani. Na Malkia hangoji mtu. Kesho atakuwa amepoa, ni kungoja tena wiki tatu."

Nje, dereva wa Mkaguzi alipiga honi.

Mzee Wabwire alikuwa bado ameshika kofia yake. Alikuwa mtu ambaye huvunja chaki vipande vitatu kabla ya kuigawa. Aliizungusha kofia mikononi mara kadhaa. Alimtazama Madam, ambaye alikuwa na mkebe kwapani na tayari amekata tamaa, na midomo yake ikasogea kidogo, labda alikuwa akimwomba Malkia msamaha.

"Mimina," alisema.

"Mzee?"

"Laban, nimesema mimina."

Mara hii Mkaguzi alivua koti. Alikipangusa kijiwe mwenyewe, akaichunguza sumaku kwenye mwanga, akaiweka. Alitazama dari kwa muda mrefu. Viranja wawili walimshika Dishon, mmoja kila mkono, na wa tatu, kwa tahadhari, alimshika mguu. Laban aliinamisha chupa kama mtu anayemwaga maziwa ya mtoto wake, hadi tone la mwisho.

Moshi ukapanda, ukashuka. Sumaku ilikaa.

Ikaendelea kukaa. Mtu mmoja dirishani akaguna. Dishon, ambaye maombi yake hadi siku hiyo yalikuwa maigizo, aliomba. Alimwomba Mungu, akaziomba na elektroni zenyewe, zilizolala mle ndani mzungu wa nne, ziamke, zishikane wawili wawili, ziende.

Sumaku ikatikisika. Ikainuka upande mmoja, kama mtu anayeamshwa, kisha ikasimama yote hewani.

Mkaguzi aliichomoa karatasi kwenye faili lake, akaipitisha kati ya sumaku na kijiwe. Ikapita. Akapitisha mkono juu. Hakugusa kitu. Akaipapasa hewa kushoto na kulia kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya watu. Halafu akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, kidogo mno kwake, akaitazama sumaku mpaka iliposhuka yenyewe, polepole, kijiwe kilipopata joto.

"Nani anaishika?" aliuliza.

Madam alimweleza, juu na chini, jirani na jirani, nafasi tupu na jozi, na jinsi jozi zile zinavyoufukuza usumaku utoke nje ya kijiwe. Mkaguzi alisikiliza mdomo ukiwa wazi.

"Na ndani ya kijiwe hiki, ni kitu gani kinafanya zikubali kushikana?"

"Hatujui, bwana."

"Nyinyi wa Got Winam hamjui?"

"Hakuna anayejua. India hawajui, Ulaya hawajui. Tunashuku ni ule upishanaji wa spini, lakini hakuna aliyethibitisha. Wanabishana mpaka leo."

Dishon alimtazama Madam kwa mshtuko uliopita ule wa darini. Alikuwa amekaa mbele ya walimu tangu akiwa na miaka sita, na hakuwa amewahi kumsikia mmoja akilitamka neno hilo, "hatujui", mbele ya mkaguzi, tena bila kuona haya.

Bwana Walubengo alivaa koti lake. "Nitaandika nilichoona," alisema tena, na safari hii alimpa Madam Nakhungu mkono, akasahau kuuachia.

Gari lilipoondoka, Mzee Wabwire alimwita Dishon chini ya lile tundu la mguu.

"Onyo la mwisho, Opiyo, maana yake nini?"

"Ni la mwisho, Mzee."

"Mama yako alisema nikupe sanduku. Nitakupa. Lakini halitaenda Mbita." Mzee akavaa kofia. "Ng'ombe wangu amepoteza zamu yake kwa ajili yako. Likizo hii utakaa kwangu. Utalala zizini. Utamtazama Malkia asubuhi, mchana na jioni, na siku atakapoanza kutaka fahali, wewe ndiye utakayeniambia. Ukikosea, au ukinidanganya hata mara moja, nyavu zako zinakungoja."

Ndivyo Dishon Opiyo, mzishi wa uji, alivyoipitisha Agosti ya mwaka huo. Alimtazama ng'ombe. Ng'ombe alimtazama yeye. Katika vumbi la zizi alichora mishale kwa kijiti, juu, chini, juu, chini, akafuta mmoja, akajaribu kuihamisha mingine miwili miwili bila kugongana. Aliihamisha mpaka ukuta wa zizi, akakwama hapo. Alifuta akaanza upya. Malkia alikuja akakanyaga mishale yote, naye akaona aibu kidogo kugundua kwamba amekasirika.

Halafu asubuhi moja Malkia aliinua kichwa, akalia, akaanza kuwapanda wenzake. Dishon alikimbia hadi mlangoni kwa Mzee akiwa peku.

"Mzee! Malkia yuko tayari! Mwite Laban! Kweli, Mzee, naapa, sijamfanya kitu!"

Mzee Wabwire alitoka na kiatu kimoja, akaenda zizini. Malkia alilia tena, kwa sauti kubwa, ya wazi. Mzee alimzunguka ng'ombe polepole, akainama akachungulia chini ya tumbo, akapitisha mkono hewani juu ya mgongo wake, kushoto na kulia, akitafuta uzi.